Tumenunua nyumba ya mtu Ngata badala ya kujenga. Mwenye swali aulize

Mama_Ngata

Kila aliyesikia tunatafuta nyumba Nakuru alitushauri lilelile: nunueni ploti ya futi hamsini kwa mia, chimbeni msingi, jengeni pole pole kadiri pesa zinavyopatikana. Sisi tukaenda kinyume. Tumenunua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Ngata, nyumba ya mtu, wenyewe wameishi humo miaka kumi na kitu, na mtu akiniuliza leo nitamwambia afanye vivyo hivyo. Naeleza kwa nini, halafu mwenye swali aulize. Mume wangu yumo humu, nikitia chumvi atanisahihisha.

Nianze na ardhi. Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, Menengai imetuinamia, na udongo mwingi ni jivu la volkano. Jembe linazama kama umelitumbukiza kwenye unga. Mvua kubwa ikinyesha, maji hujitafutia njia chini kwa chini, na kuna mahali ardhi hutitia ghafla, waulizeni watu wa Kaptembwo na Rhonda. Upande wa pili wa mji, Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu miaka ya 2010, likafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha watu Mwariki na Barut. Ploti tupu haikuambii lolote kati ya hayo. Imefyekwa, ina bikoni nne za mipaka zimepakwa rangi nyeupe, na broka amekupeleka mchana wa Januari jua likiwaka. Nyumba iliyopitisha masika zaidi ya kumi imeshatoa ushahidi wake.

Tulipofika kuiona hatukuanza na sebule. Tulizunguka nyuma. Ukuta wa chumba cha mwisho ulikuwa na ufa unaoanzia kona ya dirisha ukishuka kwa mshazari, mwembamba, unaingia ncha ya ukucha tu. Mwenye nyumba hakuuficha. Alisema ulitokea mwaka wa pili baada ya wao kuhamia, akatuonyesha alipoziba fundi kwa simiti wakati huo. Ile simiti ilikuwa imekauka ikawa nyeusi kwa ukungu, na haikuwa na mpasuko hata wa unywele. Yaani nyumba ilikaa, ikatulia, basi. Hicho kiraka ndicho kilichoniuzia nyumba, si vigae vya jikoni. Tulikuwa tumetoka kuona nyingine mpya kabisa, rangi bado inanuka, na mume wangu akaigongagonga kuta akasema, "Hapa hata kukiwa na kitu tutakijua tukishakuwa wenyewe."

Maji ndiyo yaliyotuchelewesha. Nje ya mji wengi wetu tunategemea visima vya mashine, na maji ya chini ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Ulimi hauwezi kukuambia. Watoto ndio wanaolipa, maana meno ya utu uzima yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hakuna dawa ya meno itakayoyatoa. Nami nina wawili, wote bado na meno ya utoto. Mwenye nyumba alisema maji ni matamu. Nikamwita mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza langoni, nikamtania anasoma darasa la ngapi na viatu amevaa mguu si wake, ili acheke. Akacheka. Mistari ya kahawia, meno yote ya mbele.

Nyumba hatukuiacha. Ila tuliingia tukijua kwamba maji ya kisima ni ya kufua na kuoga, ya kunywa na kupikia ni ya mvua, na mvua ikiisha kuna chujio la mkaa wa mifupa, zile ambazo mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru ulizieneza huku. Kuchemsha hakusaidii. Maji ndiyo yanayopungua, floraidi inabaki palepale.

Karatasi sasa. Hati yetu bado ni ya shamba, nje ya mipaka ya mji, kwa hivyo sheria inataka ombi la kibali cha mauzo lifike bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu kutia sahihi. Bila kibali mauzo ni bure hata ukiwa umelipa yote. Watu huona bodi ni usumbufu, mimi niliipenda. Mwenye nyumba alikuja na mkewe. Mzee mmoja wa bodi hakumtazama mwanamume kabisa, akamgeukia mama.

"Mama, unajua hii boma inauzwa?"

"Najua."

"Watoto je?"

"Wanajua. Mkubwa yuko Eldoret, ndiye tunamfuata."

"Na mkishauza mtalala wapi?"

Yule mama akaanza kueleza ploti yao ya Eldoret, imefika lenta, mabati yameshanunuliwa yamewekwa kwa shemeji. Akaeleza mpaka mzee akamwambia inatosha. Nilikuwa nimekaa nyuma miguu ikinitetemeka, lakini nilitoka pale nimepoa.

Bei ilikuwa milioni 6.2. Mbili zilikuwa zetu, akiba pamoja na mgao wa chama. Zilizobaki, 4.2, zilitoka sako yetu kwa mkopo wa nyumba ambao pesa zake hutoka KMRC, ile kampuni iliyoundwa 2018 kuyakopesha mabenki na sako ili riba ya nyumba ishuke chini ya asilimia 10. Yetu ni 9.5 kwa miaka 15. Nyumba yenyewe ndiyo rehani, kwa hivyo hatukuzunguka kutafuta wadhamini.

Ulizeni.

Fundi_Mawe

Mama umeongea. Niongeze kuhusu nyufa, maana watu hutishwa na zisizo na maana wakapita zile mbaya.

Nyufa ndogondogo kama ramani juu ya plasta ni simiti iliyokauka haraka, achana nazo. Ufa unaofuata viungo vya mawe kama ngazi, utazame. Ufa unaokata jiwe lenyewe katikati, au upana wake juu ni tofauti na chini, hapo msingi unatembea. Ukiwa na wasiwasi omba ruhusa ya mwenye nyumba upake plasta nyembamba kuvuka ufa, uandike tarehe kwa kalamu. Rudi baada ya mvua. Ikikatika, ufa bado uko hai. Fungua na kufunga kila mlango, mlango unaokwama juu upande mmoja unasema zaidi ya broka.

Na msisahau choo. Huku hakuna laini ya maji taka, ni septiki na shimo la kunywea maji yake. Udongo huu wa jivu unabomoka, shimo lisilojengwa kwa mawe hadi chini linakula ploti yako pole pole. Fungua mfuniko utazame. Mnunuzi mmoja alinicheka nilipolala kifudifudi kwenye mfuniko, baada ya dakika tano akalala yeye.

Mpangaji_Daima

Hongereni, lakini tupige hesabu. Milioni 4.2 kwa 9.5 miaka 15 ni kama 44,000 kila mwezi. Mkimaliza mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 7.8. Nyumba kama hiyo Ngata mimi napanga kwa 25,000, na geti likivunjika nampigia landilodi. Hiyo 19,000 ya tofauti naiweka kwenye hati za dhamana za serikali. Nani mjanja?

Mama_Ngata

Hesabu yako ni sawa, sina ubishi. Kama unaiweka kweli hiyo 19,000, kila mwezi, miaka 15, bila kuigusa Januari ya karo, endelea kupanga, utatupita. Sisi tunajijua. Kabla ya hapa tulikuwa tukipanga London, mtaa wa hapa Nakuru, na hiyo tofauti haikuwahi kuonekana mahali.

Jambo la pili ni kwamba benki mbili tulizoziuliza kabla ya sako zilikuwa juu ya asilimia 14. Kwa riba hiyo ningekuwa upande wako. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba karibu 30,000 tu, na riba ndiyo sababu.

Kijana_Shabab

Mbona hamkungoja nyumba za bei nafuu za serikali, zile za Bondeni? Si tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi?

Mama_Ngata

Tunakatwa, na tulijiandikisha Boma Yangu, tovuti ya kuombea hizo nyumba, kama wengine. Bondeni ni nyumba 605, Nakuru ni mji wa watu wangapi? Halafu zile ni fleti. Nina kuku. Kwa kijana asiye na watoto, anayefanya kazi mjini, fleti ya Bondeni inaweza kuwa bora kuliko Ngata yangu na nauli zake, sikatai. Na tangu sheria ya 2020 ya nyumba za ghorofa, mwenye fleti anapata hati ya sehemu yake mwenyewe.

Ja_Kajulu

Niko Kisumu, hapa shida si ufa. Ni marehemu.

Nimetafuta Kajulu na Kanyakwar. Ploti nzuri, bei nzuri, mwenyewe yuko mbele yako anakupa soda. Ukifanya sachi, yaani kuulizia masijala ya ardhi, jina kwenye hati ni la babu yake aliyefariki zamani. Wana wanne, wajukuu hesabu mwenyewe, hakuna aliyekwenda kortini kufungua mirathi. Anakuambia "hii sehemu ni yangu, kila mtu anajua." Anasema kweli, kila mtu anajua! Lakini kisheria hana cha kuuza mpaka korti iteue wasimamizi wa mirathi na kuthibitisha mgawanyo. Kuuza mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi. Nina jirani aliyenunua hivyo, amejenga, amepaka rangi, sasa binti wa marehemu aliyeolewa Migori amerudi na wakili.

Na ukishuka Nyamasaria ni udongo mweusi. Mvua unavimba, kiangazi unapasuka mkono unaingia. Msingi unakula pesa kabla hujaona ukuta. Kwa hivyo hata mimi naanza kuelewa hoja ya nyumba iliyokaliwa.

Karani_wa_Zamani

Nimefanya kazi za masijala ya ardhi miaka mingi, nimestaafu. Machache.

Sachi rasmi inakuonyesha mwenyewe wa leo na kama kuna rehani au kizuizi. Haikuonyeshi ilikotoka. Mwambie wakili aombe nakala ya kadi ya kijani, hapo utaona ardhi imepita mikono ya nani na lini. Ukiona imebadilisha wenyewe mara tatu katika mwaka mmoja, funga mkoba.

Pili, ramani. Hati inasema ukubwa, ardhi inasema mengine. Lipa mpima akuonyeshe bikoni kwa ramani ya masijala, si bikoni anazoonyesha mwenye nyumba kwa fimbo.

Tatu, Nakuru ina mashamba mengi yaliyonunuliwa na kampuni za wananchi baada ya uhuru. Wengine mpaka leo wana kadi ya hisa tu. Kadi ya hisa si hati. Bei yake itakuvutia, na ndiyo maana ipo.

Mama, nikuulize: hati mliandika jina la nani?

Mama_Ngata

Swali hili nililingoja, na ndilo tuliloligombania kuliko bei.

Mume wangu alitaka majina yote mawili, hapo hapakuwa na neno. Kumbe kuna namna mbili za kuyaandika. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja usio na mafungu, mmoja akifariki, yote inabaki kwa mwenzake bila kupitia mirathi. Ya pili kila mtu ana fungu lake, nusu kwa nusu au vyovyote mtakavyo, na fungu la aliyefariki linakwenda kwa warithi wake. Wakili alisema sheria ya 2012 imewaachia wanandoa ile ya kwanza, watu wengine hawawezi bila ruhusa ya korti.

Mimi nilitaka ya kwanza. Mume wangu naye kwanza alitaka mafungu, si kwa ubaya. Alisema, "Mama watoto, ukitangulia wewe nami nikaoa tena, watoto wako watapata nini?" Nikakosa jibu kwa siku kadhaa, maana alikuwa ananitetea mimi na mimi nilikuwa namtetea yeye. Mwisho tulichukua ya pamoja, kwa sababu tunayemwogopa zaidi ni yule wa kuja kwenye matanga na orodha ya mali. Lakini si jibu la kila nyumba. Mwenye watoto wa ndoa ya kwanza afikirie mafungu.

Na wale wanaosema "mke hupata nusu hata jina lisipokuwepo", Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, unaangaliwa ulichochangia. Jina kwenye hati halihitaji ushahidi wa risiti za sukari.

Baba_Ngata

Nathibitisha yote isipokuwa moja. Sikusema "ukitangulia." Nilisema "Mungu apishe mbali, lakini."

Omwana_wa_Mbale

Baba_Ngata, wewe si wa kwetu Vihiga? Wazee walikubali vipi ununue nyumba Nakuru na nyumbani hujajenga?

Baba_Ngata

Walikubali nani? Baba alinyamaza simu nzima, halafu akauliza, "Na huko ndiko mtazikwa?" Nikamwambia hapana baba, huko ndiko tutalala.

Lakini unajua kwetu. Shamba la babu limegawanywa mpaka ndugu yangu akitema mate yanaangukia kwa mwingine. Tuko wavulana watano. Nikijenga, nimemnyima mmoja mahali pa mahindi. Nilimwambia baba nitajenga nyumba ndogo ya kufikia, mabati na vyumba viwili, ili Desemba nisilale kwake, na yeye akaridhika kiasi. Mama ndiye aliyeleta amani. Alikuja Ngata, akatembea uani, akauliza kuku watakaa wapi na mahindi yatapandwa wapi, akaona pako, akampigia simu mzee hapohapo.

Kijana_Shabab

Nyinyi mlilipa mwenye nyumba kabla ya hati au baada? Hapo ndipo naogopa.

Mama_Ngata

Hapo ndipo ilipokaribia kuvunjika, kwa upande wake, si wetu.

Tulilipa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, 620,000, ikakaa kwa wakili wake mpaka mwisho, haikuingia mfukoni kwake. Tulipopata kibali cha bodi tulimaliza sehemu yetu ya milioni 2. Sasa sako haitoi 4.2 mpaka hati iwe kwa majina yetu na rehani yao imeandikwa juu yake. Maana yake mwenye nyumba atoe hati yake ya asili na fomu za uhamisho zikiwa na sahihi, kabla hajaona sehemu kubwa ya pesa! Yule baba alisimama ofisini akasema hajawahi kusikia mtu anatoa ng'ombe kisha anangoja kulipwa.

Kinachoziba hilo pengo ni barua ya ahadi. Wakili wa sako anamwandikia wakili wa muuzaji: mkitupa hati, pesa zitatoka ndani ya siku kadhaa baada ya usajili, na usajili ukishindikana hati inarudi. Ahadi hiyo inamfunga wakili mwenyewe, akiivunja anashtakiwa na hata leseni yake iko hatarini. Ilibidi wakili wake aketi naye amweleze kwa Kikalenjin, akaelewa, akatoa. Ndiyo sababu nasema kila upande uwe na wakili wake. Broka alikuwa ametushauri tutumie mmoja "kuokoa pesa." Huyo mmoja angemwambia nani nini siku ile?

Gharama nyingine: ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, yetu ilikuwa 2, yaani 124,000, baada ya mthamini wa serikali kukubali bei. Mawakili, mpima, kadi ya kijani, mthamini wa sako. Wekeni pesa za hayo kando kabla ya kutafuta nyumba, maana sako haikopeshi hizo.

Ja_Kajulu

Bei alishusha?

Mama_Ngata

Alianzia 6.8. Tulishusha kwa vitu vya kuonekana: gata zilizooza upande mmoja, septiki iliyokaribia kujaa, na nyaya za umeme za jikoni. Fundi alituandikia gharama ya kila kimoja kwenye karatasi, tukampelekea karatasi badala ya maneno.

Ila moja kwa wanaofuata. Andikeni kwenye mkataba kila kitu kinachobaki. Tulipokwenda kuiangalia kulikuwa na tangi la lita 5,000, pampu ya kisima, taa za nje na fimbo za mapazia. Mkataba ulitaja tangi na pampu, basi tangi na pampu tulizikuta. Taa zilifunguliwa zote, holda zikabaki zinaning'inia, na fimbo za mapazia zilikwenda Eldoret pamoja na skrubu zake. Mparachichi alituachia.

Baba_Ngata

Alijaribu kubeba miche.